Kwa Lini

Mke wangu Léocadie alikufa akiwa amekaa kwenye benchi, na kwa sababu mpaka leo hakuna aliyeniambia nimlaumu nani, nawalaumu wote. Ilikuwa mwaka 2016, katika hospitali moja ya serikali hapa Johannesburg. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Walitupa karatasi ya namba wakatuambia tungoje, daktari mkubwa yuko kwenye mkutano. Tukangoja. Mlango wa huo mkutano ulikuwa unafunguliwa kupitisha chai, na kila ukifunguliwa nasikia wanacheka. Léocadie alikuwa ameniegemea begani, anapumua kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Vumilia, Mama Gaëlle," nikamwambia. "Wakikuona tu, tunaenda nyumbani."

Akafungua macho. "Lini?" akasema.

Hakusema neno jingine tena.

Kwa mtu mwingine hilo ni swali la kawaida. Kwetu neno hilo lilikuwa na kazi mbili, na mpaka leo nikiwa zamu, nimesimama peke yangu getini, najiuliza: alikuwa anauliza siku, au alikuwa anamtaja mtu?

Ngoja nieleze.

Léocadie alizaliwa Luvungi, kwenye uwanda wa Ruzizi, pale Kongo inapotazamana na Burundi. Alipokuwa mtoto walikuja Wachina kufundisha watu kulima mpunga wa maji. Mmoja wao alipangiwa upande wa shamba la Mzee Gustave, baba yake Léocadie. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, suruali ameikunja mpaka magotini, anatembea na kamba mkononi ya kunyooshea mistari ya miche. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache: mstari, maji, pole pole. Watoto walimfuata kutwa kama kuku wanavyomfuata mwenye mahindi. Siku moja wakamuuliza, "Wewe, kwenu ni wapi?" Akanyoosha mgongo, akaelekeza kidole kwenye milima ya Burundi, kule jua linakotokea, akasema, "Kwa Lini."

"Anaitwa Lini!" watoto wakashangilia. "Kwao ni kwa Lini!"

Basi akawa Lini. Wakubwa nao wakamwita Lini, na yeye akaitika.

Siku nyingine aliwachorea kwao kwenye tope, kwa kidole. Alichora milima, lakini si kama milima ya kwetu iliyoshikana mikono. Hii ya kwake ilisimama mmoja mmoja, mirefu, myembamba, kama vichuguu, na chini yake mto, na ndani ya mto milima ile ile imepinduka kichwa chini. Pembeni akachora mashamba ya mpunga yanayopanda mlima ngazi kwa ngazi. Halafu akawaonyesha watoto wote kwa kile kidole chenye tope, akafanya ishara: njooni. Léocadie hakuwahi kuogopa kuuliza. Akamuuliza, "Tuje lini?"

Yule mtu akadhani anaitwa. "Eeh?" akaitika.

Watoto walianguka majini kwa kucheka.

Baadaye lilikuja gari la serikali likamchukua. Wakubwa waligombana na wakubwa wenzao, mambo ya juu huko, na mtu wa mpunga akapakiwa kama gunia. Hata kuaga hakuaga. Mfereji ukabaki bila mtu wa kuutazama, ukajaa magugu, ukafa.

Nilipomwoa Léocadie, hadithi hiyo ilikuja pamoja naye, kama sufuria zake. Vita vilipotutoa kwetu, sufuria zilibaki, Lini tukaja naye. Tulipofika Johannesburg, tukakaa mtaa wa Joubert Park kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujafika nchi hii, Léocadie akawa anasuka nywele za watu karibu na stesheni ya Park, mimi nikapata kazi ya ulinzi. Siku wenye sare wa jiji walipokuja kumnyang'anya viti vyake na mwavuli wake, alirudi nyumbani, akakaa chini, akaloweka miguu kwenye beseni, akasema:

"Papa Gaëlle, siku moja tutaenda kwa Lini."

"Tutaenda lini?"

"Ndiyo. Kwa Lini."

Huo ndio ulikuwa utani wetu. Hauchekeshi mtu mwingine. Lakini kuna siku ulikoma kuwa utani. Aliniambia, "Unajua ninachotaka? Nataka kukaa pembeni ya shamba la mtu mwingine, miguu ndani ya maji, milima ile imenizunguka, na mimi silimi. Natazama tu." Maisha yake yote huyu mwanamke hakuwahi kutazama tu.

Sasa nije kwenye safari yenyewe.

Mtoto wetu ni mmoja, Gaëlle. Alikuja nchi hii akiwa mdogo, akasoma, akapata kitambulisho cha huku, akaolewa na Mkenya anayeitwa Sidney, mhandisi katika kampuni ya mitambo ya umeme wa jua. Wanakaa Randburg, nyumba yenye majani mbele na mbwa nyuma. Wana binti, Murielle, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri lakini akijibu anajibu Kiingereza. Kila Jumapili baada ya ibada wananichukua nikale kwao. Nakwenda. Sisemi sana. Sidney ni mkwe mzuri, lakini ana sauti ya mtu aliyezoea kuongoza vikao, na mimi sauti hiyo siiwezi.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mwaka huu wa 2019, tulikuwa tumemaliza kula, Sidney akafungua kompyuta mezani.

"Mzee, kuna habari," akasema. "Mwezi wa kumi kazini wananituma China. Guangzhou, kwa maonyesho ya mitambo. Tumeamua familia yote inifuate, shule zitakuwa zimefungwa. Nikimaliza kazi, tunatembea."

"Ni vizuri," nikasema. Nilikuwa nangoja sehemu yangu. Ikaja.

"Na wewe Papa," Gaëlle akasema, "tutaomba ukae hapa nyumbani, utazame mbwa."

"Kulinda ndiyo kazi yangu," nikasema.

Akainamisha kichwa. "Papa, usiseme hivyo. Ni kwa sababu ya karatasi zako."

Alikuwa na haki. Mimi bado nina karatasi ya ukimbizi, ile wanayokuongezea kila baada ya muda kama mtu anayekuuzia hewa. Kwa karatasi hiyo hata Lesotho hufiki.

Sidney akaanza kupanga. Guangzhou, halafu Shenzhen kuona maghorofa, halafu Hong Kong, bustani ya michezo ya watoto, asubuhi hapa, mchana pale. Alikuwa anapanga kama mtu anayefukuzwa. Gaëlle akamkatiza.

"Sidney, mimi nimechoka. Kazini nakimbia, barabarani nakimbia. Nataka mashamba. Nataka mahali pa kupumzika."

"Kanisani kwetu," nikasema, "aliyepumzika ni yule tuliyekwisha kumzika."

Sidney alicheka mpaka akapiga meza. "Mzee, wewe! Haya basi, tuseme safari ya polepole."

Sijui ni lile neno au ni nini. Pole pole. Nikajikuta nimesema, "Kama mnaenda China, nendeni kwa Lini."

Gaëlle aliacha kufuta meza. Hakuwa amelisikia jina hilo tangu tumzike mama yake.

"Lini ni nani?" Sidney akauliza.

Nikamsimulia. Tope, kidole, vichuguu, gari la serikali. Alisikiliza vizuri, hilo nampa. Halafu akakuna kidevu.

"Sasa Mzee wangu, China ina watu zaidi ya bilioni moja. Wenye jina la Lini tu wanaweza kujaza Kenya nzima. Tutabisha hodi mlango upi?"

"Wewe ndiye mhandisi."

"Mimi mhandisi wa jua, si wa mizimu!"

"Sidney!" Gaëlle akamkemea, lakini na yeye alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Murielle alikuwa amelala tumbo chini kwenye zulia na simu ya mama yake. Alikuwa amesikia vichuguu, mto, mashamba ya ngazi, akaviandika huko ndani kwa Kiingereza chake. Akaja akasimama kati ya magoti yangu, akaniwekea simu usoni.

"Babu, ni hii?"

Nilitazama. Sijasoma sana, darasa la nne tu, lakini picha haihitaji darasa. Milima ilikuwa imesimama mmoja mmoja. Mto ulikuwa chini yake. Ndani ya mto, milima kichwa chini. Mtu mmoja mwenye kofia ya majani amesimama juu ya mianzi iliyofungwa pamoja, anaelea.

"Panaitwaje?" nikauliza.

Murielle akajaribu kusoma, ikamshinda. Akagusa kitu, simu ikasema yenyewe, sauti ya mwanamke wa Kichina, ya puani.

"Rudia," nikasema.

Simu ikarudia.

"Tena."

Ikasema tena. Gui-lin. Kwei-lin. Kwa Lini.

Nilisimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu na mbwa akaanza kubweka huko nje. Gaëlle akaja akanishika mkono akidhani naugua.

"Si jina lake," nikamwambia. "Gaëlle, halikuwa jina lake. Walimuuliza kwenu ni wapi, akawajibu. Alitaja kwao! Wakamwita kwa jina la kwao."

"Na yeye akakubali?" Sidney akauliza, taratibu sasa.

Nikakiinua kiti. Mimi getini kwangu, kule kwenye nyumba za matajiri upande wa kaskazini, hakuna anayejua kwamba naitwa Firmin. Wanateremsha kioo cha gari wanasema, "Habari, Kongo." "Kongo, fungua." "Kongo, mwambie fundi wa bwawa aingie." Naitika. Mwanzoni iliniuma, halafu nikagundua kwamba pale getini ndipo mahali pekee hapa mjini ninaposikia jina la kwetu likiitwa kila siku. Nikamwelewa yule mtu. Miaka yote ile kwenye tope la Luvungi, watoto wanapiga kelele Lini, Lini, na yeye anageuka.

Jina lake la kweli hatutalijua. Léocadie alikufa bila kujua kwamba alikuwa na anwani mkononi maisha yake yote.

Kuanzia Jumapili hiyo nilibadilika, wenyewe wanasema. Nilikuwa nawahi kufika mlangoni kabla Sidney hajapiga honi. Tulikuwa tunakula haraka, tunafuta meza, tunapanga. Hong Kong ilikufa Jumapili ya kwanza. Shenzhen ilikufa ya pili. Sidney alitaka angalau hoteli ya mjini, yenye bwawa la kuogelea. Nikamwambia bwawa lipo hata hapa ninapolinda, mkafuate jingine China?

"Mzee amepindua serikali," akasema. "Haya Rais, toa amri."

Nikatoa. Kijiji kimoja karibu na mto, mkae hapo, msihamehame. Asubuhi mtu aamke akitaka. Kuelea kwenye mianzi mara moja, na mwenye mianzi asiharakishwe. Halafu kijiji kimoja huko juu kwenye mashamba ya ngazi, nyumba za mbao, mlale hapo, mle wali wa hapo hapo. Na iwepo siku nzima ya kutofanya kitu. Siku hiyo Gaëlle atoe viatu.

"Siku ya Mama," Gaëlle akasema.

"Siku ya kutazama tu."

Nilikuwa nasema "mtafanya," "mtalala." Sikujua kama nilikuwa nasema hivyo mpaka Murielle aliponikatiza, na kwa mara ya kwanza alilitafuta neno la Kiswahili mpaka akalipata.

"Si 'mta'," akasema. "'Tuta.' Babu, sema tuta."

Gaëlle akanitazama. "Papa, kuna kitabu cha safari cha wakimbizi. Watu wanapata. Tuombe."

Nikamwambia sitaki. Nilikuwa nataka mpaka meno yanauma.

Ofisi yenyewe iko Pretoria, nayo pia jina lake silitaji. Nilienda alfajiri moja ya mwezi wa nne nikakuta mstari umezunguka ukuta. Nikasimama kati ya Wasomali na Warundi. Nilipofika dirishani, mama mmoja mwenye kucha ndefu hakuninyanyulia macho.

"Unaenda wapi?"

"China."

"Kufanya biashara?"

"Hapana, mama. Kukaa."

"Unahamia?"

"Kukaa chini. Kupumzika. Kutazama."

Hapo akaninyanyulia macho. Akamwita mwenzake wa dirisha la pili. "Njoo umwone huyu. Mkimbizi anaenda kupumzika!" Wakacheka, na kicheko chao nikakijua, ni kile kile cha nyuma ya mlango wa chai. Lakini alichukua alama za vidole vyangu. Akasema watanipigia.

Hawakupiga. Nikarudi. Mfumo umelala, wakasema. Nikarudi tena. Aliyesaini yuko likizo. Nikarudi. Faili limeenda jengo jingine. Eish, nawaambia, hawa watu wangeweza kupoteza mlima. Kila nikirudi kazini, mwenzangu Placide, Mburundi tunayegawana naye zamu, alikuwa ananingoja na maneno.

"Mtalii karibu! Kitabu kimetoka?"

"Bado."

"Na huko utaenda na rungu? Wachina wakilala wewe unazunguka kijiji na tochi?"

"Nitakuachia rungu wewe."

"Firmin," akasema siku moja, bila utani, "usitundike moyo wako juu ya muhuri wa mtu mwingine."

Nilimkasirikia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuutundika.

Mwezi wa tisa ukaisha. Tiketi zilikuwa zinataka majina. Jumapili ile nilifika Randburg nikawakuta wote watatu wamekaa bila kompyuta mezani, nikajua wameshakata shauri. Sikutaka waniambie wao. Nikawatangulia.

"Nendeni," nikasema. "Mbwa nitamtazama."

"Mzee, tulikuwa tunataka..." Sidney akaanza.

"Nendeni! Siku zote ndivyo inavyokuwa. Wakubwa mnaamua, mnapanda, sisi tunafunga geti. Gari la serikali lilimchukua yule mtu bila kumuuliza. Mkutano ulikuwa nyuma ya mlango, mke wangu yuko kwenye benchi. Na wewe na kompyuta yako ni wale wale."

Murielle akatoka nje kwa mbwa.

Sidney hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Mimi mkubwa wa nini, Baba?" akasema. Alikuwa hajawahi kuniita Baba. "Kazini kuna mtu anayenipigia simu Jumapili kama hii na mimi nasimama wima kama askari. Nimemwomba anibadilishie tarehe, amekataa. Kwa hiyo mimi naenda, ni kazi. Lakini hawa hawaendi. Ndiyo tulikuwa tunataka kukuambia. Tumeziacha tiketi za mwezi wa kumi."

"Mmeziacha?"

"Tunaenda na wewe au hatuendi," Gaëlle akasema. Alikuwa amekasirika kweli, alikuwa sura ya mama yake kabisa. "Unafikiri mimi naweza kuweka miguu kwenye yale maji, wewe uko hapa unampa mbwa chakula? Papa, unatuonaje?"

Nikakaa. Mtu aliyezoea kuachwa, siku asipoachwa hajui aweke mikono wapi. Gaëlle akaniletea wali ambao sikuwa nimeuomba, akauweka mbele yangu kwa nguvu, nikala.

Sidney alikwenda Guangzhou peke yake. Aliporudi, Jumapili, alinikabidhi simu yake kabla sijavua kofia. Ilikuwa picha ya ubao mkubwa wa stesheni, maandishi mekundu, mengine ya Kichina, na mstari mmoja wa herufi zetu. Nikaisoma mwenyewe herufi kwa herufi. Guilin.

"Kutoka pale ni safari ya treni, asubuhi unaondoka, mchana haujafika uko huko," akasema. "Nilikuwa na Jumamosi tupu. Nilisimama mbele ya huo ubao, Mzee, na pesa mfukoni."

"Hukupanda?"

"Nipande niende kwa Lini, bila watu wa Lini? Nikamwambie nani habari?"

Kuanzia siku hiyo nikimsikia anaongea kama mwenyekiti namwacha aongee.

Na kitabu kilitoka. Naandika hivi nikiwa nacho hapa karibu. Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili simu iliita nikiwa getini, gari la mkazi linapiga honi, nikaliacha lipige. Nilienda Pretoria. Mama mwenye kucha ndefu alikuwa pale pale. Alinisukumia kitabu chini ya kioo.

"Nenda basi kapumzike, baba," akasema, na mara hii hakucheka, akatabasamu. Nikamwambia asante. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine kabisa tangu mwezi wa nne.

Picha yangu humo ndani ni ya mtu aliyekamatwa. Placide aliitazama akasema, "Wachina wakiona uso huu watafunga maduka." Halafu alikifuta kitabu kwenye sare yake, akakirudisha kwa mikono miwili.

Jumapili tulirudi mezani. Kompyuta ikafunguliwa. Sidney alisema tuchague kati ya vipindi viwili: mwezi wa kumi mwakani, mpunga ukiwa wa dhahabu, au mwezi wa nne, likizo ya Pasaka, mvua zikianza, wakiwa wanayafungulia mashamba maji. Wote wakanigeukia mimi.

"Wakati wa maji," nikasema. Miguu yake aliitaka kwenye maji.

Sidney akaandika. Mwezi wa nne, mwaka 2020. Murielle akazungushia tarehe duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni, akachora milima miwili pembeni, imesimama kila mmoja peke yake, na chini yake mto. Visa ya China tutaishughulikia mwezi wa kwanza, Sidney anamjua mtu. Msimamizi wetu kazini, ambaye sijawahi kumwomba hata nusu siku, ameniandikia likizo. Nimenunua viatu vya mpira vya kuvua na kuvaa upesi. Gaëlle ananicheka kwamba navijaribu ndani ya nyumba.

Jana, siku moja kabla ya Krismasi, nilikwenda makaburini. Sikumwambia mtu. Jiwe lake limeinama kidogo upande mmoja, wenye kutunza makaburi nao ni wale wale, lakini jana sikugombana nao. Niling'oa majani. Nikakaa chini pembeni yake, nikavua viatu, nikanyoosha miguu juani. Watu walikuwa wanapita na maua yao. Nilitazama tu.

"Mama Gaëlle," nikamwambia, "uliniuliza. Kama ulikuwa unauliza mtu, Lini halikuwa jina lake, nitakueleza vizuri nikirudi. Na kama ulikuwa unauliza siku, siku ipo. Mwezi wa nne. Mwanao, mkweo, mjukuu wako, na mimi. Kitabu changu wameshakipiga muhuri. Mara hii hakuna mkubwa aliyebaki wa kutuzuia."